Rwanda au Lesotho: nchi ndogo ipi imepatia namna ya kutumia jeshi lake?

Sisi wa Mtwara hatujifunzi habari za majeshi ya jirani kwa kutazama ramani. Oktoba 2020 wavamizi kutoka Msumbiji walivuka mto Ruvuma wakaingia kijiji chetu cha Kitaya, na Machi 2021 mji wa Palma, Msumbiji, ukawaka, hapo ng'ambo tu.

Julai 2021 Rwanda, nchi isiyo hata na kipande cha pwani, ilipeleka Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji wenye waasi hao, askari na polisi wapatao 1,000 kwa makubaliano yake na Msumbiji. Agosti 8 mji wa Mocímboa da Praia ukakombolewa kutoka kwa waasi. Kwa Rwanda, jeshi ni bidhaa na diplomasia kwa pamoja: Desemba 2022 Umoja wa Ulaya uliidhinisha euro milioni 20 kusaidia kikosi hicho. Wapo wanaosema inalinda mradi wa gesi wa Afungi, karibu na Palma, kuliko mihogo ya mwanakijiji. Labda, ila barabara ilifunguka.

Lesotho, iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini, ilikwenda Cabo Delgado kwa mwavuli wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Ina jeshi dogo, na vurugu zake nyingi zimetokea nyumbani: mwaka 1998 majirani waliingia Maseru kutuliza ghasia. Kwake kipaumbele ni kuwaweka wanajeshi mbali na siasa. Kikosi cha SADC kiliondoka 2024, Rwanda ikabaki.

Ningekuwa mshauri wa nchi ndogo ningechagua njia ya Lesotho, maana ni nafuu na haina makuu. Ila mimi naishi huku mpakani, na usiku ule wa Kitaya ningependa jirani awe Mnyarwanda.