Ankete ya maoni, nyumba kwa nyumba: nyota 3 kati ya 5

Kampuni moja ya utafiti ilipita katika kartie (mtaa) yetu hapa Katuba, Lubumbashi, nchini Kongo (RDC), kukusanya maoni: nini kinatusumbua, na miaka ijayo tunaionaje. Jina lao naliacha, sina ugomvi nao. Ila mimi nilisomea sosholojia pale UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kabla sijaanza kuuza bunga (unga wa mahindi), na siwezi kujibu maswali ya watu bila kuyapima.

Binti aliyekuja na tableti hakumhoji tu aliyemkuta mlangoni. Aliandika watu wazima wote wa nyumba, mashine ikachagua mmoja. Mume wangu alikuwa ameshavuta kiti, tayari kuisemea familia nzima. Tableti ikanitaja mimi. “Papa, utusamehe, tubaki na mama peke yetu.” Papa akatoka akinung’unika. Kwa hilo pekee nimewapa nyota 2.

Majirani walicheka eti watu 1,000 hawawezi kuisemea nchi nzima. Wanaweza, mradi wamechaguliwa kwa bahati nasibu ya kweli. Kosa linakuwa kama pointi 3 za asilimia juu au chini. Kazi ni kuichezesha hiyo bahati nasibu katika nchi iliyohesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984. Na afadhali walikuja kwa miguu. Ankete za simu ni rahisi kwa gharama, lakini umeme ukikatika siku mbili simu za mtaa zinazima, kwa hiyo wenye malalamiko makubwa ya umeme ndio wasiopatikana.

Wakaharibu kwenye orodha ya matatizo. Chagua moja: umeme, maji, bei ya chakula, usalama, kazi. Moja! Umeme ukikosekana pampu haivuti maji, mashine ya kusaga inasimama au inawashwa kwa mazutu (dizeli), na jioni hiyohiyo bunga limepanda bei. Nikamuuliza hapo kuna matatizo mangapi. “Mama, tableti inagoma kuendelea bila jibu moja.” Nikasema bei ya chakula, basi umeme wangu ukapotea kwenye hesabu yao. Afrobarometer, watafiti wa maoni katika nchi nyingi za Afrika, kwa swali kama hilo wanapokea hadi majibu 3, kwa hiyo hakuna cha kubuni hapo.

Likaja la mwaka ujao: maisha yako yatakuwa bora, vilevile au mabaya zaidi? Nikajibu, inategemea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, bunga linakopitia. Agosti 2024 Zambia ilipofunga mpaka kwa siku chache tu, wateja wangu wa mfuko mzima walianza kununua kwa kopo. Binti akatafuta kisanduku cha jibu hilo, akakikosa, akabonyeza “sijui”. Nani hajui? Anayeuza bunga Lubumbashi anajua vizuri sana mwaka wake unaamuliwa wapi. Halafu ripoti itaandika kwamba akina mama wa Katuba hawana maoni kuhusu kesho yao.

Ripoti yenyewe ni ya waliolipia, kwa Kifaransa. Karatasi moja ubaoni pale komini (ofisi ya wilaya yetu ya mji) ingewagharimu nini?

Wakifika kwenu, waombeni barua ya ruhusa na muulize nani anagharamia. Jibu lako likikosa kisanduku, mwambie aandike kwenye “mengineyo”. Sehemu hiyo ipo, chini kabisa ya skrini. Niliiona binti alipokuwa anafunga tableti.