Baiskeli ya kukunja ya inchi 20: inafaa kununuliwa, ila bawaba zake hazitaki mzaha

Baiskeli tunayoipima hapa ni ile yenye fremu ya alumini iliyogawanywa katikati na kuungwa kwa bawaba, mlingoti wa usukani unaolala, magurudumu ya inchi 20, gia saba nyuma na breki zinazobana rimu. Umbo hili lilienea sana kupitia Dahon, kampuni iliyoanzishwa na David Hon mwaka 1982, na sasa viwanda vingi vinalitoa kwa majina tofauti. Uzito huwa kilo 11 hadi 13. Ikikunjwa inachukua nafasi ya karibu sentimita 80 kwa 65 kwa 35, kwa hiyo inaingia chini ya meza au kwenye buti ya gari dogo.

Tuseme mapema: ni chombo kizuri. Kwa safari ya kilomita 3 hadi 10 kwenye lami, hasa pale ambapo sehemu ya safari ni basi au treni, baiskeli ya kawaida haiifikii. Lakini ina viungo viwili ambavyo baiskeli ya kawaida haina, na mpandaji anaviegemea kila anapopanda. Asiyekuwa tayari kuvikagua kwa mikono yake mwenyewe, tunamshauri anunue baiskeli isiyokunjwa.

Kutoka kwenye boksi

Inakuja karibu imekamilika. Kinachobaki ni pedali, siti, upepo na kukaza. Kazi ya nusu saa, na makosa mengi ya gharama hufanyika ndani ya nusu saa hiyo.

Pedali zimeandikwa L na R. Ya kulia hukazwa kwa kufuata mwendo wa saa, ya kushoto kinyume chake. Njia ya kutosahau: simama upande wa pedali husika, spana ikiwa juu, na uivute kuelekea gurudumu la mbele, pande zote mbili hukazwa hivyo. Paka grisi kidogo kwenye hesi, kisha anza kwa vidole. Pedali iingie angalau mizunguko mitatu bila spana. Ikigoma, itoe uanze upya, usiilazimishe. Hesi ya pedali ni chuma, na ya mkono unaoibeba pedali ni alumini. Ukilazimisha, inayochanika ni alumini, na dawa yake ni kununua mkono mwingine. Malizia kwa spana ya milimita 15, kwa nguvu ya kukaza ya nyutonimita 35 hadi 40.

Bomba la siti ndilo refu kuliko yote, nusu mita na zaidi, na lina mstari wa mwisho uliochongwa. Mstari huo usionekane kamwe ukiwa juu ya fremu. Ukionekana, bomba lililobaki ndani ni fupi mno, na uzito wa mpandaji unalifanya lipasue mdomo wa fremu. Anayehitaji kulivuta zaidi ya hapo ahesabu kwamba baiskeli hii si saizi yake. Kwa urefu sahihi, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuinama upande.

Kuna kosa ambalo hata mafundi wazoefu hulifanya: kupaka grisi kwenye bomba hilo. Kwenye baiskeli ya kawaida ni jambo jema. Kwenye nyingi za kukunja, bomba hushikwa na mrija wa plastiki ulioko ndani ya fremu, na grisi hulifanya liteleze polepole unapoendesha. Futa kwa kitambaa kikavu, basi.

Bawaba ya fremu

Funga fremu hadi nyuso mbili za bawaba zigusane zenyewe, kabla ya komeo kuguswa. Pitisha ukucha kwenye mshono pande zote. Kama kuna mahali ukucha unazama, kitu kimebanwa ndani: punje ya mchanga, rangi iliyochuruzika, au waya wa gia uliopotea njia. Komeo lisitumike kuzivuta nyuso hizo zikutane. Kazi yake ni kuzishikilia zikiwa tayari zimekutana.

Sasa funga komeo polepole na usikilize kiganja. Linatakiwa kuanza kugoma likifika nusu ya njia, na robo ya mwisho lihitaji msukumo wa kiganja kizima, likiacha alama hafifu kwenye ngozi. Likifunga kwa kidole kimoja, limelegea. Likihitaji mwili mzima au mguu, limekazwa kupita kiasi, na hilo ni baya kama kulegea, kwa sababu pini na ndoano hubaki zimevutwa muda wote na siku moja hukatika bila kuaga. Kwenye miundo mingi kuna bolti ndogo ya kurekebishia kando ya komeo, yenye nati ya kuizuia. Legeza nati, geuza bolti moja ya nane ya mzunguko, funga nati, jaribu. Rudia. Robo nzima mara nyingi inavuka kiasi.

Mwisho kabisa kuna kizuizi cha pili, klipu ndogo au kitufe kinachozuia komeo lisifunguke lenyewe barabarani. Tunaona watu wakikiacha wazi kwa sababu baiskeli "inaenda tu". Inaenda, mpaka shimo la kwanza.

Kipimo cha kumalizia: bana breki ya mbele, weka mkono wa pili juu ya mshono, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Mshono usicheze hata chembe.

Mlingoti wa usukani

Hapa ndipo tungependa msomaji atumie muda mrefu zaidi, maana fremu ikilegea hupiga kelele kwanza, lakini mlingoti ukiachia, mpandaji ameshaanguka.

Fanya hesabu ya wenzo. Usukani uko kama sentimita 35 juu ya bawaba ya mlingoti, na bawaba yenyewe ina upana wa sentimita 4 hivi. Mtu akivuta usukani kwa nguvu ya kilo 20, kama anavyofanya akipanda kilima akiwa amesimama, komeo linavutwa kwa nguvu ya karibu kilo 175. Akishuka na kupanda hivyo kila siku, alumini inapindwa na kunyooka maelfu ya mara. Chuma cha pua au cha kawaida kikipindwa chini ya kiwango fulani kinaweza kudumu bila kuchoka. Alumini haina kiwango hicho. Kila mkunjo unahesabiwa.

Kwa hiyo: usipande kilima ukiwa umesimama na kuvuta usukani. Badilisha gia, kaa. Usitundike mkoba mzito kwenye usukani. Mzigo uende kwenye keria ya nyuma au kwenye kishikizo kilichofungwa kwenye fremu yenyewe. Usinyanyue baiskeli kwa kushika usukani peke yake. Na ukisikia mlio mfupi wa kukauka, "tik", kila unapovuta usukani, simama hapo hapo. Mara nyingi ni komeo linalohitaji kukazwa kidogo au uchafu kwenye bawaba, na hilo hutengenezwa kwa dakika tano. Ikiwa mlio unaendelea baada ya kusafisha na kurekebisha, usiendeshe tena mpaka mlingoti ukaguliwe kwa ufa.

Barabarani

Usukani wake ni mwepesi kuliko ulivyozoea. Gurudumu dogo halina ule uzito unaozunguka na kuituliza baiskeli, hivyo mkono ukitikisika nayo inayumba. Saa ya kwanza fanyia uwanja mtupu: kwenda moja kwa moja kwa mwendo mdogo, kutazama nyuma, kutoa mkono mmoja kuonyesha unapokata kona. Ukiweza yote matatu bila kuyumba, ingia barabarani.

Shimo ambalo gurudumu kubwa hulipita, dogo huzama ndani. Punguza mwendo, nyanyuka kidogo kwenye siti, kunja viwiko, na reli ivuke kwa pembe mraba. Kwa breki, tumia zote mbili huku ukisogeza makalio nyuma. Kwenye mteremko mrefu bana na kuachia kwa zamu badala ya kushikilia: rimu ndogo ina chuma kidogo cha kunyonya joto na huchemka haraka.

Watu huuliza kama magurudumu madogo yanachosha. Jibu liko kwenye meno. Gurudumu hili husafiri karibu mita 1.55 kwa mzunguko mmoja, lakini kiwanda huweka gia ya mbele yenye meno 52. Na frii, yaani gia za nyuma, ya meno 14 hadi 28, mzunguko mmoja wa pedali unakupa mita 2.9 kwenye gia nyepesi na 5.8 kwenye nzito. Kwa tambarare hiyo inatosha kabisa. Kwa milima mikali 2.9 ni nzito, na hilo ndilo lalamiko letu kubwa kuhusu mwendo wake: anayeishi penye vilima atafute frii yenye meno 32 au 34, ahakikishe kihamisha cheni kinaweza kuibeba.

Kukunja

Mpangilio hutofautiana kidogo, lakini pedali kwanza, kisha mlingoti au fremu kadiri ya mwongozo, siti mwisho, kwani kwenye miundo mingi bomba la siti likishushwa ndilo linalosimamisha baiskeli. Kabla ya kukunja, weka cheni kwenye gia ndogo ya nyuma au jinsi mwongozo unavyosema, ili isilegee na kuchomoka.

Wakati wa kukunja, tazama nyaya. Kuna kibomba cha chuma kilichopinda juu ya breki ya mbele, kinachoingiza waya kwenye mkono wa breki. Fremu inapojikunja, waya husukumwa na kibomba hicho huweza kuchomoka kwenye kishikilio chake, bila sauti. Baiskeli ikikunjuliwa inaonekana salama kabisa, na breki ya mbele haipo. Ndiyo sababu kila baada ya kukunjua, kabla ya mguu kwenda kwenye pedali, bana breki zote mbili. Kisha komeo la fremu, la mlingoti, la siti. Sekunde 20.

Matunzo

Baada ya kilomita 100 za kwanza, kaza upya kila bolti na uvute nyaya, mpya hulegea. Hilo halikwepeki.

Upepo upimwe kila wiki. Tairi dogo lina hewa kidogo, kwa hiyo likipungua kidogo tu tayari rimu inagonga mawe na tyubu inapata pancha ya matundu mawili sambamba. Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi.

Kwa kilomita ile ile, gurudumu hili huzunguka mara 650 hivi, wakati lile kubwa la baiskeli ya barabara huzunguka kama 475. Tairi na beringi za habu huisha mapema zaidi. Rimu ikiwa na mfereji unaozama ukucha, ibadilishe. Cheni pima kwa rula: viungo 24, pini hadi pini, ni milimita 304.8 ikiwa mpya, ikifika 306.5 ibadilishe, ukisubiri 308 utabadilisha na frii. Kihamisha cheni kinaning'inia karibu na ardhi, kinakula vumbi na matope, kwa hiyo futa cheni kabla ya kutia oili. Tone moja kwa kila kiungo, kisha futa tena.

Kabla ya kununua vipuri, soma namba. Tairi za inchi 20 ziko za aina mbili, 406 na 451 (kipenyo cha rimu kwa milimita), na hazibadilishani. Chagua baiskeli ya 406: ndiyo saizi ya baiskeli za michezo za BMX, tairi na tyubu hupatikana kirahisi. Habu ya mbele ni shida nyingine. Nyingi zina upana wa milimita 74 badala ya 100 za kawaida, na gurudumu la kuazima halitaingia.

Mbele ya Brompton

Brompton, baiskeli ya kukunja aliyoibuni Andrew Ritchie jijini London miaka ya 1970, kwa kawaida ina magurudumu ya inchi 16 na hukunjika ndogo zaidi, gurudumu la nyuma likijiingiza chini ya fremu. Kwa msongamano wa treni inaishinda hii waziwazi. Kwenye lami mbovu, ya inchi 20 ndiyo inayotulia, na vipuri vyake vingi si vya kampuni moja.

Ukinunua iliyotumika

Ifute bawaba zote mbili kwa kitambaa cheupe na pombe ya kusafishia, kisha zikague kwa tochi ukiilaza mwanga kando. Tafuta mstari mwembamba mweusi pembeni mwa maungio ya moto na kuzunguka tundu la pini. Mkwaruzo hukaa juu ya rangi na kuishia popote. Ufa hufuata ukingo wa ungio, na ukiufuta hurudi kuwa mweusi baada ya safari chache kwa sababu unakula uchafu. Muuzaji akisema utachomelewa, ondoka. Alumini ya fremu hupewa ugumu wake kwa joto la kiwandani, na moto wa fundi huuondoa ugumu huo pale pale panapobeba mzigo mkubwa zaidi.