Pedi za breki na matairi ya mbio ndefu kwa timu zenye mfuko mdogo: kipi ununue kwanza

Gari la kilo 1,200 likiwa kwenye kilomita 160 kwa saa, likitakiwa kushuka hadi 60 ili lipinde kona, breki zake hulazimika kumeza nishati ya takribani megajuli moja na kuigeuza yote kuwa joto. Hapo ni kona moja tu. Tuseme mzunguko mmoja ni dakika mbili na una kona nne za namna hiyo. Mashindano ya saa 14 yatakuwa na mizunguko 420, na mguu wa dereva utakuwa umezikanyaga breki kwa nguvu karibu mara 1,700.

Ndiyo maana timu mpya zikiniuliza zianze na injini gani, nazijibu ziiache injini kama ilivyo. Pesa ya kwanza iende kwenye pedi za breki, ya pili kwenye mafuta ya breki, ya tatu kwenye matairi. Hata mashindano ya 24 Hours of Lemons, yaliyoanza Marekani mwaka 2006 kwa magari yasiyozidi dola 500, hayahesabu breki, rimu na matairi ndani ya kikomo hicho. Walioyaanzisha walijua kwamba mtu akibana matumizi hapo, atamgonga mwenzake.

Kipimo ninachotumia kupanga orodha hii ni kimoja: je, kitu hiki kitafika mwisho wa mbio bila kubadilishwa? Chukua tairi linalokuokolea sekunde moja kila mzunguko. Kwa mizunguko 420 umepata dakika saba. Lakini kubadilisha pedi za mbele katikati ya mbio, mkiwa marafiki watano na jeki moja, na kalipa (kile chuma kinachozibana pedi kwenye diski) ina moto usioshikika, ni robo saa hata mambo yakienda vizuri. Kasi uliyoitafuta mchana kutwa inaishia piti, pale kando ya uwanja magari yanapohudumiwa.

Pedi za breki

Kila mchanganyiko wa pedi umetengenezewa kiwango chake cha joto. Pedi ya barabarani inashika vizuri ikiwa baridi, na inatakiwa iwe hivyo, kwa sababu mtu anayetoka nyumbani asubuhi anahitaji breki kwenye kona ya kwanza. Diski ikipita nyuzi 400 hivi, pedi hiyo huanza kulainika, hutoa moshi na kupoteza mshiko, kisha hulika kwa kasi ya ajabu. Diski za mbele za gari dogo la mbio hupita hapo bila shida. Ukitaka kujua zako zinafika wapi, nunua rangi za kupimia joto zinazopakwa kwenye ukingo wa diski. Seti ya kawaida ina rangi tatu: ya kijani hubadilika kwenye nyuzi 430, ya chungwa 560, nyekundu 610. Ni kitu cha bei ndogo, na kitakujibu swali ambalo watu hubishana juu yake siku nzima.

Nafasi ya kwanza naipa Ferodo DS1.11. Ni pedi iliyokusudiwa mbio ndefu tangu mwanzo: inalika polepole, na mshiko wake haubadilikibadiliki joto linapopanda. Dereva wa saa ya kwanza na dereva wa saa ya kumi wanakuta pedali ileile, jambo lenye thamani kubwa pale ambapo watu wanne wanapokezana gari moja. Bei yake huwashtua wengi. Usiishie kusoma bei ya boksi, igawanye kwa saa ambazo pedi zitadumu. Seti moja inayomaliza mashindano mawili ni nafuu kuliko seti tatu za bei ya chini zinazoisha njiani, tena pamoja na diski. Rahisi ghali. Pagid RSL29 nayo ni ya ukoo huohuo wa mbio ndefu, na kama ndiyo inayopatikana kwa kalipa zako, ichukue bila wasiwasi.

Ya pili ni Carbotech XP10, au ndugu yake wa karibu kwa tabia, G-LOC R10. Hizi nazipenda kwa magari mepesi, mfano Mazda MX-5 au Honda Civic ya zamani. Haziling'ati gari kwa ukali unaofunga matairi, dereva mgeni anaweza kuipima pedali kwa mguu, na haziziumizi sana diski. Gari likiwa zito zaidi, au nguvu zikiongezeka, panda daraja moja hadi XP12 au R12 kwa mbele na uache ya chini kwa nyuma.

Hawk DTC-60 naiweka ya tatu. Inang'ata sana, inavumilia joto, na hutengenezwa kwa maumbo mengi ya kalipa, kwa hiyo mara nyingi ndiyo pedi ya kweli ya mbio utakayoipata kwa gari ambalo wengine wamelisahau. Lakini inakula diski. Ukiinunua, nunua na seti ya pili ya diski siku hiyohiyo. Dada yake DTC-70 ana mng'ato mkali zaidi na anafaa magari mazito na mbio fupi. Kwa gari la kilo elfu moja na dereva anayejifunza, naona ni kutafuta matairi yaliyopigwa bapa upande mmoja.

Baada ya hapo kuna kundi la kati: Ferodo DS2500, EBC Yellowstuff, Hawk HP Plus. Hizi ni pedi nzuri za siku ya mazoezi uwanjani, zile za dakika 20 ndani na dakika 40 nje, ambapo breki hupata muda wa kupoa. Kwenye mbio ndefu huo muda haupo. Nazikubali kwa breki za nyuma za gari jepesi la kuvutwa kwa magurudumu ya mbele, kwa sababu nyuma pale hapafanyi kazi kubwa. Kwa mbele, hapana.

Na pedi za barabarani, hata zile zenye boksi la kuvutia, zibaki barabarani. Mwaka wetu wa kwanza tulifunga pedi ambazo boksi lake lilidai ni za mbio. Saa ya sita dereva alirudi piti akisema pedali inazama na anasikia chuma kikikwaruza. Tulipovua rimu ya mbele kushoto, pedi ya ndani ilikuwa imekwisha kabisa, bamba la chuma la mgongoni mwake likisaga diski, huku ya nje ikiwa na milimita nne. Tulikuwa tumezikagua pedi kwa kuchungulia kati ya mikono ya rimu, na hapo inaonekana ya nje peke yake. Pini za kalipa zilikuwa zimekaukiwa grisi, kalipa haitembei, upande mmoja ukabeba kazi ya pande mbili. Tangu siku ile, kabla ya kila mashindano navua pini zote, nazisafisha na kuzipaka grisi ya silikoni inayovumilia joto. Hakuna pedi, hata iwe ghali vipi, itakayoiponya kalipa iliyokwama.

Kuhusu diski, nunua za kawaida zisizotobolewa. Zile zenye matundu hupendeza, lakini kwenye mbio nyufa huanzia kwenye tundu na kutambaa hadi ukingoni. Pesa iliyobaki iweke kwenye bomba la kupeleka hewa katikati ya diski za mbele. Mpira wa hewa wa inchi tatu na bamba ulilokata mwenyewe vitashusha joto la breki kuliko mabadiliko mengine mengi ya bei mbaya.

Pedi mpya lazima zioanishwe na diski kabla ya kushindana. Zikanyage mara nane hadi kumi kutoka mwendo mkubwa bila kusimamisha gari kabisa, ukiongeza nguvu kidogo kidogo, kisha endesha mizunguko miwili bila kugusa breki ili zipoe kwa hewa. Ukimaliza usiegeshe huku mguu uko kwenye pedali. Pedi ya moto iliyobanwa palepale huacha alama kwenye diski, na alama hiyo utaisikia ikitetema kwenye usukani hadi jioni. Hili waambie madereva wote, maana wengi hufanya kosa hilo wakiwa piti wakisubiri mafuta.

Mafuta ya breki

Hapa maneno ni machache, lakini usiparuke. DOT 4, kiwango cha Marekani cha mafuta ya breki, kinadai mafuta mapya yachemke kwa angalau nyuzi 230, na yakishanyonya unyevu wa asilimia 3.7, nyuzi 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inakwenda hadi sakafuni. Motul RBF 600 huchemka kwa nyuzi 312 yakiwa mapya na 205 yakiwa na unyevu, nami nayaona yanatosha timu nyingi, ilimradi yamwagwe na kutiwa mapya kabla ya kila mashindano. ATE TYP 200, yenye nyuzi 280 na 198, ni chaguo langu la pili kwa mfuko mwembamba. Castrol SRF hubaki na nyuzi 270 hata yakiwa na unyevu. Ni ghali, ila yanamfaa asiyeweza kubadilisha mara kwa mara. Usiweke DOT 5 ya silikoni. Namba inafanana na ya DOT 5.1 lakini ni kitu kingine kabisa, na hakichanganyiki na hayo mengine.

Matairi

Mashindano mengi ya ridhaa huweka kikomo kupitia namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi baada ya neno TREADWEAR, yaani ulikaji (namba ikiwa ndogo, tairi huisha haraka), kwa kawaida isipungue 180 au 200. Soma kanuni za mashindano yako kabla ya kulipia chochote, kwani tairi lenye 100 kama Toyo R888R litakurudisha nyumbani kabla hujawasha gari.

Ifahamike namba hiyo inatoka wapi. Ni ya mfumo wa Marekani: matairi huendeshwa kwenye barabara za umma huko Texas kwa maili 7,200, yaani takribani kilomita 11,600, kisha ulikaji wake hulinganishwa na wa tairi la rejea. Anayeiandika namba ubavuni ni mtengenezaji mwenyewe, na anaruhusiwa kuandika ndogo kuliko matokeo yalivyoonyesha. Kwa hiyo matairi mawili yenye 200 yanaweza kuwa mbali kama usiku na mchana. Moja lilitengenezwa lishinde mzunguko mmoja wa haraka, lingine lidumu wikendi nzima.

La kwanza kwangu ni Hankook Ventus RS4. Si la haraka kuliko yote, na sihitaji liwe hivyo. Likishapata moto linabaki lilivyo saa baada ya saa, halimeguki mabegani, na seti moja mara nyingi humaliza mashindano ya siku mbili kwa gari jepesi. Udhaifu wake ni baridi na maji. Asubuhi yenye unyevu, mwambie dereva wa kwanza alipashe moto mizunguko mitatu kabla ya kuliamini.

Continental ExtremeContact Force nalo lilitengenezwa kwa mawazo ya mbio ndefu, na kama lipo kwa saizi yako linaweza kushindania nafasi ya kwanza. Falken Azenis RT615K+ naliweka la tatu: haliko mbali kwa kudumu, na kwenye mvua nalipendelea kuliko RS4. Maxxis Victra VR-1 ni la timu inayotaka kasi kidogo zaidi na iko tayari kulipia seti ya ziada mapema.

Mwisho naweka Bridgestone Potenza RE-71RS na Yokohama Advan A052. Ni matairi mazuri sana, huenda ndiyo yenye mshiko mkali kuliko yote yenye 200. Lakini mshiko huo unatokana na mpira laini, na mpira laini ukipikwa saa nzima bila kupumzika hupoteza makali na kuisha. Yanafaa mbio za mzunguko mmoja mmoja dhidi ya saa. Timu yenye mfuko mdogo itayajutia saa ya tano.

Chagua saizi ya kawaida kabla ya saizi pana. 205/50R15 na 225/45R15 hupatikana kwa matairi mengi ya aina hii, na likikupasukia moja utapata jingine. Angalia pia tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT: 2319 ina maana wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la bei ya kutupa lililokaa ghalani miaka sita limekwisha kuwa gumu, hata kama kashata zake zote zipo.

Ukishayafunga, yapashe moto kwa mizunguko michache ya mwendo wa wastani, kisha yaache yapoe hadi kesho yake. Hudumu zaidi. Upepo uanze psi 28 hadi 30 yakiwa baridi, halafu pima mara tu gari linapoingia piti. Yakiwa moto, matairi mengi ya kundi hili hufurahia 34 hadi 38. Ukingo wa nje ukilika kabla ya katikati, tatizo ni mlalo wa gurudumu. Digrii mbili hadi tatu za kulalia ndani kwa mbele zitakuokolea seti nzima ya matairi kwa msimu. Na uwanja ukizunguka kwa mwendo wa saa, tairi la mbele kushoto ndilo litakaloisha kwanza, kwa hiyo hamisha matairi usiku wa siku ya kwanza, upande kwa upande kama muundo wake unaruhusu.

Kwa mvua, weka pembeni matairi manne ya barabarani yenye mifereji ya kina, hata yenye namba 300, kwenye rimu za pili. Yaliyotumika kidogo yanatosha.

Na kila dereva anaposhuka kwa zamu, mtu mmoja avae glavu, alale chini na tochi, aangalie pedi ya ndani kwa kila gurudumu la mbele. Unene wa pedi ukilingana na wa bamba lake la chuma, badilisha palepale, gari likiwa bado limesimama.