Kimashine cha umeme mgongoni: uzoefu wangu wa miezi minne

Mimi ni fundi cherehani, na fundi akikwambia mgongo haumuumi, huyo bado anajifunza. Wangu uko mwaka wa sita. Unaanzia kiunoni, ukikolea unashuka paja la kushoto hadi gotini. Vidonge vya maumivu vya diklofenaki nimemeza mpaka tumbo likaanza kuwaka moto.

Wifi yangu ndiye aliyenitajia TENS, kimashine cha kutuliza maumivu kwa umeme mdogo unaopitishwa kwenye ngozi. Nilikipata Kariakoo kwa 75,000: kiboksi kinachoenea kiganjani, nyaya mbili, betri ya mraba ya volti 9 na vibandiko vinne vyenye gundi laini. Muuzaji aliniapia kinatibu pia kisukari, presha na vidonda vya tumbo. Nikacheka, nikamwambia mimi nalipia mgongo tu.

Usiku wa kwanza mume wangu alinibandika, mimi nikashika kirungu cha kuongezea umeme. Moja, kimya. Mbili, kimya. Nikaona kibovu, nikazungusha hadi saba. Msuli ulijikunja kama umepigwa na shoti, nikaruka kitandani, mwanangu akacheka mpaka akakohoa. Kumbe unapanda taratibu, ukisikia kama sisimizi wengi wanatembea bila kuuma, unaachia hapo hapo.

Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyenielewesha. Mwaka 1965 watafiti wawili, Melzack na Wall, walieleza kuwa kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango: hisia za mguso zikijaa, za maumivu zinabanwa zisipite kirahisi hadi kwenye ubongo. Ndiyo maana ukijigonga kidole unakisugua. Kimashine kinajaribu kusugua kwa umeme. Hakiponyi kitu, aliniambia, na nisiache mazoezi. Akanikataza kukiweka mbele ya shingo, akauliza kama nina ujauzito au kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, maana hao hawajibandikii tu kienyeji.

Sasa nakitumia nusu saa kabla ya kukaa kwenye cherehani. Kiuno kinanipa saa mbili za kushona bila kuinuka kila dakika, halafu maumivu yanarudi. Paja halijapata chochote, liko vile vile. Vidonge nimepunguza, sijaacha. Baadaye nikasoma kwamba NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, katika mwongozo wake wa 2016, iliwaambia madaktari wasitoe TENS kwa maumivu ya kiuno kwa kuwa ushahidi hautoshi. Sibishani nao. Huenda sehemu kubwa ya nafuu yangu ni ile nusu saa ya kulala kifudifudi bila mtu kuniita.

Kinachoniudhi ni vibandiko. Kwa joto la Dar na jasho hili, havimalizi wiki tatu. Kona zinaanza kunyanyuka, umeme unakusanyika sehemu moja, unachoma kama pini. Siku niliyojipaka mafuta ya nazi kwanza, viliteleza vyote nikapoteza jozi nzima. Siku hizi nafuta ngozi kwa kitambaa chenye maji, nasubiri ikauke, na nikimaliza navirudisha kwenye plastiki yake. Seti mpya ni 12,000, na hilo dukani hawakunitajia.

Nyota tatu kati ya tano. Jirani yangu muuza maandazi amekiazima mara mbili. Ya tatu nimemwambia aje na vibandiko vyake.