Huduma ya uchaguzi mdogo: kura ni rahisi, kazi iko kwenye Daftari la Wapiga Kura

Mbunge akifariki, Spika huiandikia Tume ya Uchaguzi kwamba kiti kiko wazi, nayo Tume hutoa ratiba ya uteuzi, kampeni na kura. Kwa kasi, huduma hii haina lawama. William Ole Nasha wa Ngorongoro alifia hapa Dodoma 27 Septemba 2021. Wapiga kura wake waliitwa vituoni 11 Desemba. Mbarali walimpoteza Francis Mtega 1 Julai 2023, wakapiga kura 19 Septemba. Matanga hayajapoa, fomu zinachukuliwa. Ila zikiwa zimebaki chini ya siku za mwaka mmoja Bunge livunjwe, Ibara ya 76 ya Katiba huacha kiti kikae wazi. Akifariki wa viti maalumu, nafasi hujazwa kutoka orodha ya chama chake, bila kura.

Penye kasoro ni kwenye Daftari, na wanaoumia zaidi ni watu wa Dodoma. Watumishi wanahamia huku tangu 2016, wanachuo wa UDOM wanakuja na kuondoka, na mifukoni mwao mna kadi za mpiga kura za Temeke, Moshi au Sumbawanga. Uchaguzi mdogo hutumia Daftari lililopo. Hata uwe umelipa kodi ya nyumba Nkuhungu miaka mitano, kama hukuhamisha taarifa wakati wa uboreshaji wa Daftari, siku hiyo wewe ni mtazamaji. Na kiti kikiwa wazi huko kadi ilikotoka, panda basi. Dodoma hakuna kituo chako.

Kuhamisha kwenyewe kunaanzia kwenye simu au kompyuta, kwa mfumo wa Tume wa mtandaoni ulioanza kutumika 2024. Unajaza taarifa, kisha unakwenda mwenyewe kwenye kituo cha uandikishaji kupigwa picha, kutoa alama za vidole na saini, na kupewa kadi mpya. Wanaokwama ni wanaodhani wamemaliza wakishabonyeza kitufe cha kutuma. Kituo nacho hufunguliwa siku 7 tu, saa 2:00 asubuhi hadi 12:00 jioni, zikipita, zimepita. Hapa tunaipa huduma nyota mbili kati ya tano.

Kuna la jijini pia: Mei 2025 Tume ililigawa jimbo la Dodoma Mjini, likazaliwa jimbo la Mtumba. Kabla hujaanza kukimbilia magari ya matangazo, jua kata yako imeangukia upande gani.

Siku ya kura, nyota nne. Karatasi ni moja tu, ya ubunge, kwa hiyo foleni inakwenda. Milango ni saa 1:00 asubuhi hadi 10:00 jioni, na ukikutwa kwenye foleni saa 10:00 unahudumiwa: mlinzi husimama nyuma ya mtu wa mwisho. Kadi ikipotea, Tume imekuwa ikikubali kitambulisho cha NIDA, leseni ya udereva au pasipoti, mradi jina liwe lile lile la Daftarini. Asiyeona huwekewa jalada la nukta nundu, au huja na mtu anayemwamini.

Kwenye kituturi, yaani kibanda cha kupigia kura, weka vema moja. Ukikosea usitumbukize, rudisha karatasi kwa msimamizi upewe nyingine. Ukiweka vema kwa wagombea wawili, au ukaandika jina lako kwa madaha, kura itakataliwa wakati wa kuhesabu, na hapo hakuna wa kukupa karatasi ya pili.