Plagi za iridiamu: angalia kikono kabla hujalipa

Karibuni wadau. Leo naanza moja kwa moja kwa sababu jambo hili limenikaa rohoni wiki nzima. Sogeza kamera. Sogeza tena, hapo hapo. Mnaziona plagi mbili? Zote mbili zimeandikwa iridiamu kwenye boksi. Zote mbili zinaingia kwenye injini yangu bila shida, thredi ni moja, urefu ni ule ule. Moja nimeichomoa jana, nyingine nitaifunga leo mbele yenu. Na moja kati ya hizi imenifanya nilipe ufundi mara mbili kwa kazi ambayo ilitakiwa kufanyika mara moja.

Sitawasomea kipimo cha thredi wala namba ya soketi, hayo yapo kwenye kitabu cha gari lako. Nataka muone kitu kimoja tu, na nitakaa nacho mpaka kila mtu akione.

Hii ncha ya katikati, nyembamba kama risasi ya penseli. Hiyo ndiyo iridiamu. Plagi ya kawaida ya nikeli ina ncha nene, milimita 2 na nusu hivi. Za iridiamu zinashuka mpaka milimita 0.6, na watengenezaji Denso wana za 0.4. Uzuri wa wembamba ni kwamba cheche inaruka kwa nguvu ndogo zaidi ya umeme, na mwako ukianza haumezwi na chuma baridi kilichouzunguka. Sasa ukifanya nikeli nyembamba hivyo italika haraka mno. Iridiamu inavumilia kwa sababu inayeyuka kwenye nyuzi joto 2,400 na ushee, wakati nikeli inayeyuka kwenye 1,455. Mpaka hapo kila muuzaji atakueleza, tena kwa furaha.

Ambacho hawakuelezi ni hiki. Shusha macho kwenye kikono, hiki chuma kilichopinda juu ya ncha. Cheche ina pande mbili: inatoka huku, inatua kule. Kila ikiruka inang'oa chembe pande zote mbili. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, kila plagi inapiga cheche mara 50 kwa sekunde moja. Hamsini! Sasa ncha ni iridiamu, haijali. Kikono je?

Tazama hii mpya. Nageuza taratibu, taa ipige pembeni. Unaona kidoti kidogo kinang'aa, kimechomelewa ndani ya kikono, sawasawa mbele ya ncha? Hiyo ni platinamu. Huyo ndiye anayelinda upande wa pili. Sasa hii ya zamani. Nageuza vile vile. Hakuna kidoti. Kikono kitupu cha nikeli, na angalieni kilivyolika: kuna kishimo, kona zimekuwa mviringo. Ncha ya katikati bado ni kali kama ya jana! Iridiamu haijafanya kosa lolote. Aliyekufa ni mwenzake.

Napitisha fila geji, vile vibao vyembamba vya kupimia mwanya kati ya ncha na kikono. Injini yangu inataka mwanya wa milimita 0.8. Mpya: ya 0.8 inapita kwa kubana kidogo, vizuri kabisa. Ya zamani: 0.8 inapita bila kugusa kitu. 0.9, inapita. 1.0, ndiyo inabana. Milimita 0.2 unaweza kuona ni kitu kidogo, lakini kadiri mwanya unavyopanuka koili, kifaa kinachoipa plagi umeme mkali, inalazimika kupandisha umeme zaidi ili cheche iruke, na gari la tabo, lile linaloshindilia hewa ndani ya injini, ndilo linaumia kwanza, maana hewa iliyoshindiliwa inakataa cheche kuliko hewa ya kawaida. Langu lilianza kumisi, yaani cheche kukosa, kwenye gia ya tatu, mafuta mpaka chini, injini ikiwa ya moto. Ukiendesha polepole halina neno. Nikabadilisha mafuta ya petroli, nikasafisha sensa, nikawaza pampu. Kumbe ni kikono. Kilomita 45,000 tu, na mimi kichwani nilikuwa na hesabu ya 100,000 kwa sababu boksi limeandikwa iridiamu na muuzaji wa mtandaoni akaniandikia "maisha marefu".

Jina la hizo plagi silitaji. Si feki, ni plagi halali, zimetengenezwa kwa matumizi mengine: mtu anayefungua mara kwa mara, anayeenda kwenye mbio, anabadilisha mapema bila kujali. Kosa ni kumuuzia mtu kama mimi. Ukitaka za umri mrefu, tafuta zenye madini ya thamani pande zote mbili. Watengenezaji NGK wanaziita Laser Iridium. Denso wana Iridium TT, hizo kikono chake kina kijisindano cha platinamu kabisa kinachochomoza. Uliza hivyo hivyo dukani: kikono kina platinamu au hakina? Asiyejua, mwambie akufungulie boksi uangalie mwenyewe.

Sasa kwa nini nimekasirika hivi kwa plagi nne? Kwa sababu gari langu ni boksa. Silinda zimelala, mbili kushoto mbili kulia, na plagi zinatazama kuta za chasisi. Nimeshika tochi, tazama nafasi iliyopo. Kiganja hakipiti. Ilibidi kutoa betri na boksi la kichujio cha hewa, kisha unaingiza soketi peke yake, halafu ekstensheni fupi, halafu racheti, unaunganisha humo humo ndani kwa kupapasa. Kuna magari ya boksa ambayo mafundi hulegeza mauntingi, vile vishikizo vya injini, na kuinyanyua injini kidogo. Porsche 911 za tabo, mtu anaanza kwa kutoa magurudumu ya nyuma na vitu vya bampa kabla hajaiona plagi hata moja.

Kwa hiyo bili ya plagi kwenye gari la spoti ni saa za fundi. Plagi zenyewe ni sehemu ndogo. Mtu anabana kwenye plagi, anaokoa kiasi kidogo, halafu anairudia kazi ile ile ya nusu siku kabla ya wakati. Nikiwa naanza kurekodi jana nilitaka kusema plagi hizi nzuri ni ghali mno. Nimelala nikaamka, nimebadilika. Kwa boksa si ghali. Kwa gari lenye silinda nne zilizosimama mstari, plagi ziko juu, unafungua koili unachomoa, dakika ishirini umemaliza: hapo bado nasema iridiamu ya kawaida inatosha, hata nikeli ukikubali kuirudia mapema. Hesabu inategemea mkono unafikaje.

Na hesabu idadi pia. Kuna mdau aliuliza kuhusu Mercedes SL 65 AMG, ile yenye injini ya M275 ya V12, silinda kumi na mbili. Ndugu yangu, kila silinda ina plagi mbili. Ishirini na nne! Na koili zake ni kifurushi kimoja kirefu kwa kila upande. Ikifa sehemu moja unanunua chote. Porsche 911 za vizazi vya 964 na 993 zisizo na tabo zina silinda sita na plagi kumi na mbili. Mazda RX-8, yenye injini ya rota isiyo na pistoni, ina nne tu, lakini za juu na za chini hazifanani na hazibadilishani nafasi, na zile hubadilishwa mapema kuliko injini za pistoni. Kabla hujashika funguo za gari la mtumba, uliza plagi ngapi na zinafikiwaje.

Jambo la nguvu za farasi nalo. Plagi mpya haiongezi farasi kwenye injini nzima. Inarudisha waliokuwa wamepotea. Video zinazoonyesha gari limeongezeka nguvu kwa plagi peke yake, jiulize zile za zamani zilikuwa na hali gani. Na zile za vikono vinne? Cheche hairuki kwa vyote kwa pamoja, inachagua kimoja chenye njia rahisi. Zinadumu, hilo nakubali.

Nafunga sasa. Injini imepoa kabisa, usiku mzima, kwa sababu silinda hedi ni alumini na ukichomoa ya moto unaweza kuondoka na thredi. Kabla ya kulegeza nimepuliza shimo kwa upepo, mchanga usidondokee ndani. Naingiza kwa mkono, kwa mpira wa soketi, hakuna racheti. Ikikataa, narudisha nyuma naanza upya. Imeshuka yenyewe. Spana ya torki, namba ya kitabu chako, si yangu. Grisi ya thredi sipaki. NGK wenyewe wanakataza, maana inateleza na unakaza kupita kiasi huku spana inakwambia bado. Na mwanya wa iridiamu usiupime kwa kile kipimo cha umbo la sarafu kinachochomekwa kwa nguvu, ncha inavunjika. Ukihitaji kurekebisha, gusa kikono tu.

Nikiwa humu ndani nimekagua mipira ya koili, miwili imepasuka, nimebadilisha yote minne. Kwenye shimo la silinda ya tatu kulikuwa na oili, basi gasketi ya kava nayo imeingia kwenye orodha. Imeongeza bili, lakini saa za kufika huku nimeshazilipa.

Taarifa ya chaneli: ile video ya koili niliyoahidi inakuja baada ya hii, niliisogeza kwa sababu sauti ilikuwa mbovu, sasa nina maiki mpya na nadhani mnaisikia tofauti. Kama hujajiandikisha, jiandikishe, na kengele usiisahau. Mnaonitumia picha za plagi zenu, tafadhali zipangeni kwa namba za silinda. Plagi moja nyeusi yenye masizi kati ya nne, nyingine zikiwa za rangi ya kahawia hafifu, inaeleza mengi, lakini tu nikijua imetoka silinda gani. Fundi akikubadilishia, mdai za zamani zikiwa zimepangwa hivyo. Na ukiona pete ya kahawia kwenye kauri nyeupe juu ya nati, usihangaike, si kuvuja kwa moshi, ni vumbi la oili lililovutwa na umeme mkali.

Haya, betri imerudi. Nawasha.

Sikiliza... Imekaa. Nitaipeleka barabarani gia ya tatu ile ile, ikimisi nitawaambia kwenye maoni hapo chini leo leo.