Kamera ya kuanzia kazi ya harusi: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Kijana anayetaka kuanza kupiga picha za kulipwa, iwe harusi, kipaimara, mahafali au maulidi, mara nyingi huingia dukani akiulizia kamera mpya iliyofungwa kwenye boksi. Mimi ningemshauri anunue bodi (kamera bila lenzi) ya mtumba ambayo miaka michache iliyopita ilikuwa ya daraja la juu, na pesa inayobaki aigawe kwenye lenzi moja inayopokea mwanga mwingi na flashi moja ya maana.

Sababu iko ukumbini. Maharusi wanaingia saa tatu usiku, taa kubwa zimezimwa, zinazowaka ni za rangi tu. Lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera nyingi za boksi, ukiivuta hadi mwisho, hufunguka f/5.6 basi (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi). Lenzi ndogo ya 50mm f/1.8 hupitisha karibu mara kumi ya mwanga huo. Kamera yenye megapikseli 24 haitakuokoa kama mwanga haufiki ndani, na kamati ya harusi haitarudia kukata keki kwa ajili yako.

Nimepanga chaguo nikimfikiria mtu anayeanza, mwenye bajeti ya kubana, ambaye wateja wake watamwomba picha na pia video fupi za mtandaoni.

1. Canon EOS 80D ya mtumba

Ilitoka 2016 kwa dola 1,199 bodi peke yake, na leo kwenye soko la mtumba inapatikana kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Naiweka ya kwanza kwa sababu inafanya kila kitu kwa kiwango cha kuridhisha. Ina megapikseli 24 na pointi 45 za fokasi. Ukirekodi video, mfumo wake wa Dual Pixel unamfuata bibi harusi anapotembea bila fokasi kuhangaika mbele na nyuma. Ina tundu la maiki na tundu la hedifoni, na kioo chake kinageuka. Video yake inaishia 1080p, ambayo kwa Instagram na WhatsApp inatosha.

Jambo jingine ni la mtaani kwetu. Wapiga picha wengi wa Dar es Salaam na Nairobi walianza na Canon, kwa hiyo lenzi za EF, yaani za mlango wa lenzi wa Canon kama 80D, zimejaa. Za kuazima zipo, za kukodi zipo, za kununua kwa mtu anayehamia mfumo mwingine zipo. Canon ilianzisha mlango huo wa lenzi mwaka 1987, na hata kamera zake mpya zenye mlango wa RF zinazipokea lenzi hizo kwa adapta. Lenzi utakayonunua leo utaendelea nayo utakapobadilisha bodi.

Udhaifu wake: ina nafasi moja tu ya kadi. Beba kadi kadhaa na ubadilishe baada ya kila sehemu ya shughuli. Ukitoka kanisani au msikitini, kadi hiyo iingie mfukoni na nyingine iingie kwenye kamera.

2. Nikon D750 ya mtumba

Kama video hujali sana, hii inapanda iwe ya kwanza. Ilitoka 2014 kwa dola 2,299. Ina sensa (kipande kinachopokea picha) ya fremu kamili, yaani kubwa kuliko ya 80D, inavumilia giza kuliko 80D, na ina nafasi mbili za kadi, kwa hiyo ukiipanga hivyo kila picha inaandikwa mara mbili. Ndani ya bodi kuna mota ya fokasi, hivyo hata lenzi za zamani za AF-D, ambazo kwenye Nikon ndogo kama D3500 hulazimika kufokasiwa kwa mkono, humu zinafanya kazi zenyewe.

Angalizo moja kubwa: Nikon iliwahi kutangaza matengenezo ya bure ya shata (pazia linalofunguka kila unapopiga picha) kwa baadhi ya D750 za miaka ya mwanzo. Muulize muuzaji kama bodi yake ilihusika na kama ilitengenezwa, na kabla ya kulipa linganisha namba ya bodi na tangazo hilo.

3. Sony A7 III

Kwa ubora, hii inazishinda zote mbili. Ni ya 2018, ina nafasi mbili za kadi, inapiga video ya 4K, fokasi yake inashika jicho, na betri yake inadumu. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya pesa tu. Ukimaliza kununua bodi utabaki na lenzi hafifu na bila flashi, na hapo faida yote imepotea. Kama una mtaji, ipandishe.

Lakini ukiuziwa Sony iliyotoka Japani, washa menyu kabla ya kufungua pochi. Sony nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina lugha ya Kijapani peke yake, na huwezi kuibadilisha kwenye mipangilio. Bei nzuri kupita kiasi mara nyingi chanzo chake ni hicho.

4. Canon EOS 6D

Bei nafuu ya kuingilia kwenye fremu kamili. Ilitoka 2012 na ina pointi 11 tu za fokasi, ila ile ya katikati inaona gizani vizuri sana. Kwa picha za kupanga, za familia na za pasipoti, inafaa. Kwa video, achana nayo.

5. Canon EOS 4000D mpya kwenye boksi

Hii ndiyo wengi wanauziwa, na naiweka ya mwisho kwa kukusudia. Mlango wake wa lenzi ni wa plastiki, sensa ni ya megapikseli 18, na mguu wa flashi hauna ile pini ya katikati. Maana yake, flashi za bei nafuu zinazotegemea pini hiyo, kama Godox TT600, hazitawaka ukizipachika juu yake. EOS 250D, pamoja na uzuri wake mwingine, ina kasoro hiyo hiyo. Mwanafunzi anayejifunza mchana kwenye mwanga wa jua anaweza kuitumia. Kazi ya ukumbini haiiwezi.

Usichanganywe na majina pia. Canon ndogo ndogo huitwa tofauti kulingana na soko: 800D ya Ulaya ndiyo Rebel T7i ya Marekani na ndiyo Kiss X9i ya Japani. Muuzaji akikwambia Rebel ni toleo bora kuliko la namba, anakupotosha.

Kukagua kamera ya mtumba

Hapa ndipo pesa huokoka au hupotea, kwa hiyo usiwe na haraka. Nenda mchana na kadi yako mwenyewe, kurunzi, na laptopu ukiweza.

Anza na lenzi. Ifungue f ndogo kabisa, mulika kurunzi upande mmoja, tazama upande wa pili. Vumbi kidogo halina neno. Ukiona nyuzi nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, na kwa vitu vilivyokaa Tanga, Mombasa au Unguja ni ugonjwa wa kawaida kwa sababu ya unyevu wa pwani. Iache. Kuitoa ni kazi ya fundi, na mara nyingi kioo kimeshaliwa.

Kisha piga picha ya mbingu au ukuta mweupe kwa f/16 na uikuze. Madoa yanayokaa pale pale kila picha ni uchafu wa sensa, na mengi husafishika. Mikwaruzo haisafishiki. Jaribu kila kitufe, kila tundu, na kila nafasi ya kadi. Pachika flashi uone inawaka. Rekodi video ya dakika kumi.

Halafu hesabu ya shata. Canon 80D na 6D zimepimwa kwa mibonyezo 100,000, Nikon D750 kwa 150,000, A7 III kwa 200,000. Zikipita hapo hazifi siku hiyo, lakini bei lazima ishuke. Kwa Nikon hesabu imeandikwa ndani ya picha yenyewe, na programu ya bure ya ExifTool inaisoma. Kwa Canon nyingi haimo kwenye picha, itabidi kuunganisha kamera na kompyuta kwa waya na kutumia programu maalumu. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya hivyo, muage kwa heshima. Tahadhari hii ya hesabu ya shata ihusu zaidi Canon 5D Mark III: ni kamera nzuri mno, ila nyingi zinazouzwa zimeshafanya kazi ya magazeti na harusi kwa miaka.

Dai risiti, na namba ya bodi iandikwe kwenye risiti hiyo. Kamera huibwa sana, na atakayekutwa nayo ndiye atakayejieleza polisi. Wala usitume pesa kwanza kwa mtu wa tovuti ya Jiji au Facebook anayedai atakutumia mzigo kwa basi. Kutaneni dukani au kwenye jengo la benki.

Mtandaoni: pa kujifunza na pa kupimia bei

Kwa bei, fungua tovuti za MPB na KEH hata kama hununui kwao. Wanauza mtumba kwa madaraja ya hali ya kifaa, hivyo unapata kipimo cha kumkabili dalali. Ukiagiza nje, jumlisha usafiri, forodha na VAT kabla ya kushangilia.

Kwa ulinganisho wa kamera, tovuti ya DPReview ina hazina ya tangu 1998, ikiwemo picha ile ile ya studio iliyopigwa kwa kamera mbalimbali, unazilinganisha ubavu kwa ubavu. Mwaka 2023 ilitangazwa kufungwa, ikanunuliwa, na bado ipo. Kwa lenzi, The-Digital-Picture ndiyo ya kwanza kuitazama.

Kwa kujifunza, naweka blogu ya Strobist mbele ya zote. David Hobby aliianzisha 2006, na masomo yake ya Lighting 101 yanafundisha kutumia flashi ndogo nje ya kamera, bure, hatua kwa hatua. Yameandikwa kwa Kiingereza chepesi na hayali bando kama video. Cambridge in Colour inafuata, hasa kwa kuelewa f, kasi ya shata na ISO (jinsi kamera inavyokuza mwanga). Kitabu cha maelekezo cha kamera yako kipo bure kwenye tovuti ya kiwanda. Kipakue siku unayonunua. Kusafisha picha za RAW (picha ghafi ambazo kamera haijazichakata), programu za darktable na RawTherapee hazidai malipo ya kila mwezi.

Na kadi. Kadi feki zimejaa: imeandikwa GB 64, ndani ni 8, na picha zinazozidi hapo zinapotea kimya kimya. Kwenye Windows pakua H2testw, kwenye Mac au Linux F3, zote za bure. Programu inajaza kadi nzima kisha inaisoma upya. Inachukua muda, kwa hiyo iache ifanye kazi usiku kucha, na kadi yoyote itakayotoa kosa irudishe dukani asubuhi ukiwa na risiti yako.